Jengo la chuo limeboreshwa watu wakiwa ndani, sasa linasumbua: pa kuanzia

Taa zimebadilishwa kuwa LED, viyoyozi vipya vimefungwa, mitambo ya sola ya kuchemsha maji iko juu ya paa, na wanafunzi hawakuhamishwa hata siku moja. Wiki ya pili simu zinaanza. Chumba namba 14 taa inapepesa. Bwenini umeme unakatika kila ikifika saa moja usiku. Mhasibu anauliza kwa nini bili iko palepale.

Nimeshughulika na majengo ya vyuo miaka mingi, pwani na nyanda za juu, na malalamiko haya hujirudia karibu neno kwa neno. Mara chache sana kosa huwa ndani ya kifaa kipya. Huwa pale kipya kilipoungana na cha zamani: waya wa mwaka 1970 uliopewa taa ya mwaka huu, dirisha la luva lililopewa kiyoyozi. Na anayejua kosa hutokea lini ni yule anayelala pale, si fundi. Kwa hiyo kabla ya kufungua boksi la zana, nenda kamuulize mkazi mambo matatu na uyaandike: linatokea saa ngapi, kitu gani kilikuwa kimewashwa, na lilianza kabla au baada ya mafundi kupita.

Zana za kuanzia ni multimita, klampu mita (ile inayobana waya na kusoma ampea bila kuukata), tochi na daftari la majibu hayo. Kufungua DB (kabati la kugawia umeme), kugusa nyaya au kubadilisha breka ni kazi ya fundi mwenye leseni. Leseni hizo hutolewa na mamlaka za kudhibiti nishati: kwa Tanzania ni EWURA, kwa Kenya ni EPRA. Katika jengo lenye watu kuna hatari moja ya ziada ambayo jengo tupu halina: ukizima breka, atatokea mtu mwenye simu isiyo na chaji na kuiwasha wewe ukiwa umeshika waya. Zima, funga kwa kufuli, ufunguo tia mfukoni mwako, kisha pima uhakikishe hakuna umeme. Kibandiko cha karatasi peke yake hakitoshi.

Taa ya LED inapepesa, au inabaki na mwanga hafifu baada ya kuzimwa

Kwanza angalia kama inapepesa taa moja au mstari mzima. Ikiwa ni moja, ihamishie kwenye soketi ya jirani. Tatizo likiifuata, taa ni mbovu, irudishe dukani. Tatizo likibaki palepale, shida iko kwenye fremu.

Kwenye fremu za tyubu, sababu ya kawaida ni stata (kidude cha kuwashia tyubu) au balasti (kidhibiti cha umeme wa tyubu) ya zamani iliyoachwa. Tyubu nyingi za LED zinazokuja kuingia kwenye fremu yenye choki ya sumaku (balasti ya koili) huja na stata yake maalumu. Fundi mwenye haraka huacha stata ya zamani, na tyubu hupepesa au kufa mapema. Balasti ikiwa ya elektroniki, kwa kawaida lazima iondolewe kabisa, isipokuwa mtengenezaji wa tyubu ameandika kwamba inakubali. Tazama pia umeme unaingia upande gani: zipo tyubu zinazopokea waya wa moto na nyutro (waya wa kurudishia umeme) upande mmoja, na zipo zinazopokea kila waya upande wake. Ukichanganya, unapata shoti. Fremu ikishafungwa upya, ibandike maandishi yasiyofutika yanayosema inapokea tyubu ya aina gani. Mwaka ujao atakuja fundi mwingine na tyubu ya zamani mkononi, naye hatakuwa na namna ya kujua.

Mwanga hafifu baada ya kuzima kwa kawaida unatokana na swichi yenye kitaa kidogo ndani yake, au nyaya ndefu zinazokwenda sambamba, kama zile za swichi mbili za ngazini. Hizo zinakera lakini haziui. Sababu inayopaswa kukusimamisha ni swichi inayokata nyutro badala ya waya wa moto. Balbu za zamani zilizima kabisa, kwa hiyo hakuna aliyejua. LED inahitaji umeme kidogo mno, ndiyo inafichua. Maana yake ni kwamba kishikizo cha taa kina umeme hata swichi ikiwa imezimwa, na kila anayebadilisha balbu anashika umeme. Ukikuta moja katika jengo la zamani, agiza fundi apime zote za ghorofa hiyo.

Kuhusu tyubu za zamani: zina zebaki. Wanachama wa Mkataba wa Minamata wamekubaliana kukomesha utengenezaji na uingizaji wake ifikapo mwaka 2027, lakini maelfu bado yamelala stoo za vyuo. Usiziache kwenye korido wanakopita wanafunzi. Moja ikivunjika, watoe watu, fungua madirisha, subiri kama robo saa, kusanya vipande kwa karatasi ngumu na kitambaa chenye maji, usipige ufagio.

Taa nyingine zinang'aa kupita kiasi, nyingine zimefifia, na vifaa vinaungua

Hapa hakuna ukaguzi mwepesi wa kuanza nao. Zima meini swichi ya jengo, sasa hivi, kisha soma yanayofuata.

Dalili hii karibu kila mara ni nyutro iliyokatika au kulegea katika mfumo wa fezi tatu (nyaya tatu za moto zinazotumia nyutro moja). Nyutro ikiondoka, vyumba vya fezi moja vinaunganishwa na vya fezi nyingine kwa mfululizo, na volti hugawanyika kulingana na mzigo. Upande wenye mzigo mdogo unaweza kupata volti zinazokaribia 400 badala ya 230. Kompyuta, chaja, friji la kantini na hizo LED mpya zinakwenda pamoja kwa dakika chache.

Kwa nini hutokea wakati wa maboresho? Mara nyingi fundi amefungua nyutro kwenye DB ili aongeze laini, na fezi zikiwa bado hai kwa sababu "wanafunzi wana mtihani, hatuwezi kuzima". Nimeiona hali hiyo katika chuo kimoja: kazi ya dakika kumi iliondoka na kompyuta za maabara nzima. Sababu ya pili ni skrubu ya nyutro isiyokazwa sawasawa. Ya tatu inakuja polepole: taa za LED na kompyuta huvuta umeme kwa mawimbi yaliyokatikakatika, na sehemu ya mkondo huo haifutiki kwenye nyutro, inajumlishana. Majengo ya zamani yaliyofungwa nyutro nyembamba kuliko fezi hupata joto hapo. Klampu mita kwenye nyutro itakwambia. Ikisoma zaidi ya fezi, una kazi ya kubadilisha kebo.

Usiwashe tena mpaka fundi mwenye leseni apime fezi kwa nyutro zote tatu na kukuta kila moja iko kati ya volti 207 na 253. Kama hitilafu iko upande wa nguzo au mita, ni ya TANESCO. Usiruhusu mtu yeyote wa chuo aiguse.

Bwenini umeme unakatika, hasa jioni

Tofautisha kwanza breka gani inakata. Breka ya kawaida hukata mzigo ukizidi au kukiwa na shoti. Breka ya RCD, ile yenye kitufe cha kujaribia, hukata umeme unapovuja kwenda ardhini. Tiba zake hazifanani.

Ikikata breka ya kawaida, fanya hesabu ya wazi. Hita ya koili ya kuchemshia maji kwenye ndoo yenye wati 2,000 inavuta takriban ampea 9. Vyumba vitatu vikichemsha maji pamoja saa moja usiku ni ampea 26, bado hujahesabu pasi na jiko. Mradi wa kubana matumizi ukizima hita za bafuni kabla maji ya sola hayajawa ya uhakika, wanafunzi watachemsha vyumbani, kwa haki kabisa, na mzigo utahamia kwenye soketi ambazo hazikufungwa kwa kazi hiyo. Usiwakemee. Rudisha maji ya moto au tenga chumba cha kuchemshia maji chenye laini yake. Kuongeza ukubwa wa breka bila kubadilisha waya ni kuwasha moto ndani ya ukuta, na wanafunzi wako kitandani.

Ikikata RCD, fuata mfuatano huu:

- Chomoa kila kitu vyumbani, washa RCD, kisha rudisha kimoja kimoja. Mhalifu wa kwanza ni koili ya maji iliyopasuka, wa pili ni birika, wa tatu ni pasi.
- Ikikata bila kitu chochote, tafuta maji: soketi za nje, taa za bafuni, viungio vya nyaya juu ya dari baada ya mvua.
- Ikikata bila mpangilio, jumla ya uvujaji mdogo wa vifaa vingi inaweza kuwa imefika. RCD ya miliampea 30 inaruhusiwa kukata kuanzia miliampea 15, na ukiweka moja kwa ghorofa nzima ya chaja na kompyuta, haiko mbali na hapo. Dawa ni kugawa ghorofa kwenye RCD kadhaa.
- Bado? Nyutro zimechanganyika.

Hilo la mwisho linahitaji maelezo, kwa sababu ndilo linalopoteza siku za watu. Jengo la zamani halikuwa na RCD, kwa hiyo fundi wa enzi hizo angeweza kuchukua waya wa moto ghorofa ya chini na nyutro ghorofa ya juu, na taa ikawaka miaka arobaini. Ukifunga RCD, inaona umeme unatoka na haurudi, inakata. Katika bweni moja tulihangaika siku mbili na mashine ya kupima insulesheni (ngozi ya nyaya). Matroni akatusikiliza, akasema tu: "Baba, mbona unakatika kila nikiwasha taa ya ngazi?" Ilikuwa ni hiyo taa ya ngazi. Laiti tungemuuliza asubuhi ya kwanza.

Fundi akipima insulesheni kwa volti 500, lazima kwanza atoe LED na vifaa vyote vya elektroniki, la sivyo ataviua. Chini ya megaohmu 1, laini hiyo isirudishwe. Na katu asikubali mtu kuiruka RCD "kwa muda", wala kuweka ya miliampea 300 mahali pa 30. Hiyo ya 300 inalinda jengo lisiungue. Mtu aliyeshika hita yenye maji haimlindi.

Kiyoyozi kipya, chumba bado cha moto

Tazama madirisha kabla ya kutazama mashine. Majengo mengi ya vyuo vya pwani ya miaka ya 1960 na 1970 yalijengwa ili yapumue: luva pande zote mbili, upepo unapita kati. Luva hazifungi kikamilifu hata zikiwa nzima, na nyingi zina vioo viwili vitatu vilivyotoka. Kiyoyozi kilichofungwa humo kinapooza bustani. Ziba, au badilisha dirisha, au, katika vyumba vinavyopata upepo wa bahari, acha kabisa kiyoyozi ununue feni nzuri. Mimi naipendelea hiyo ya mwisho kuliko watu wanavyodhani.

Halafu filta, itoe, ioshe, irudishe. Toka nje uangalie kompresa: bwenini huwa mahali pa kuanikia nguo, na shuka lililofunika feni yake linatosha kuifanya izime kwa joto. Pima volti kwenye laini ya kiyoyozi jioni, si asubuhi. Mashine nyingi za inveta hujizima zenyewe umeme ukishuka sana, na wakazi husema "kimeharibika" kumbe kinajilinda.

Kisha ukubwa. Mtu aliyekaa hutoa joto la karibu wati 100. Darasa la watu 60 lina wati 6,000 za joto la miili tu, sawa na BTU 20,000 kwa saa (kipimo kinachoandikwa kwenye viyoyozi), kabla jua halijagusa bati. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hakina kosa lolote hapo. Aliyekichagua ndiye alipima chumba kikiwa tupu.

Ikiwa hayo yote ni sawa, weka nyuzi za chini kabisa, subiri robo saa, pima hewa inayoingia na inayotoka. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni nzuri. Chini sana ya hapo, huenda gesi imevuja, mara nyingi kwenye viungio vya mabomba. Simama hapo uite fundi wa majokofu. Gesi ya R410A ina presha inayozidi ya R22, gesi ya viyoyozi vya zamani, kwa zaidi ya nusu, kwa hiyo mabomba na geji za zamani si za kubahatisha. R32 inaweza kushika moto, na R290 ni propani tupu. Mtu akikwambia atajaza R290 kwenye mashine iliyotengenezwa kwa R22 ili kuokoa umeme, mshukuru umtoe nje. Chumba kile kina watu wanaolala.

Feni mpya inasitasita au inanguruma

Feni za kisasa za mota isiyo na brashi hutumia takriban wati 30 mahali pa 75, lakini hazitaki regyuleta ya ukutani. Iondoe, unganisha moja kwa moja, kasi ibadilishwe kwa rimoti. Feni ya zamani iliyopungua kasi inahitaji kapasita tu.

Taa zinajizima watu wakiwa wanasoma

Kihisi cha kawaida kinaona joto linalotembea. Mwanafunzi aliyeinama kwenye kitabu hatembei. Ongeza muda wa kusubiri ufike dakika 15 hadi 20, na hakikisha kihisi hakijazibwa na kabati au kioo, kwa kuwa hakioni kupitia kioo. Kinyume chake, taa ya korido isiyozima kamwe huwa na kihisi cha maikrowevu kinachoona watu ng'ambo ya ukuta mwembamba. Punguza usikivu wake. Ngazi na njia za kutokea wakati wa moto zisiachwe gizani kabisa kwa sababu ya kihisi chochote. Zibakishiwe mwanga mdogo usiku kucha.

Pampu haipumziki, au maji hayapandi ghorofa ya juu

Kama tatizo limeanza siku umeme ulipofanyiwa kazi na pampu ni ya fezi tatu, fikiria kwanza mzunguko wa kinyume. Fezi mbili zikibadilishana nafasi, pampu huzunguka nyuma: inalia, inavuta umeme, maji yanatoka kidogo. Fundi hubadilisha nyaya mbili na kazi imekwisha. Fezi moja ikikosekana, mota itaungua, kwa hiyo pampu ya namna hii isiwe bila kinga ya kukosa fezi.

Kama ilianza taratibu, tafuta vyoo. Weka rangi ya chakula kwenye tangi la kufulashia, usitumie choo nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, kinavuja usiku na mchana. Vyoo vichache vya bwenini vinaweza kula akiba yote uliyoipata kwa kununua pampu bora. Baada ya hapo angalia floti ya simtanki, kisha valvu ya kuzuia maji yasirudi.

Pampu inayowaka na kuzima kila sekunde chache ina tangi la presha lililoishiwa hewa. Zima pampu, toa maji yote, jaza hewa ifike baa 0.2 chini ya presha inayowasha pampu. Maji yakitoka kwenye valvu ya hewa, mpira wa ndani umepasuka. Mtambo wa kurekebisha mwendo wa pampu usifunguliwe mara baada ya kuzima: kapasita zake hubaki na umeme unaoua kwa dakika kadhaa.

Maji ya sola hayawi moto, au yanaisha mapema

Mbeya, Iringa na Njombe hili ndilo la kwanza. Uliza wanaoga saa ngapi. Jengo zima likioga kati ya saa 11 na saa 12 alfajiri, maji ya jana jioni ndiyo yanayotumika, na mtu wa thelathini atapata ya baridi. Kabla ya kulaumu paneli, kagua bomba la kushusha maji kama limefungwa kizuia joto, na kama hita ya akiba iko hai. Wengine huiacha imewashwa saa 24, na sola inakuwa pambo.

Kosa linalofichika ni bomba la kuchanganyia. Bafu likiachwa na valvu zote mbili wazi na kichwa kimezibwa, maji ya baridi hupenya upande wa moto na kuwapoozea wenzake wote. Funga stopu koki za bafu moja moja, usikie joto la bomba linarudi wapi. Baadaye tafuta hewa iliyonasa na magadi yaliyoganda ndani ya mabomba.

Usishushe joto la tangi ili kubana matumizi. Bakteria wa lejionela, wanaoleta homa ya mapafu, hustawi kati ya nyuzi 20 na 45, ndiyo maana maji huhifadhiwa nyuzi 60. Chuo kikifunguliwa baada ya likizo, pasha tangi, halafu fungulia mabomba yote kabla watu hawajaoga. Usijaze maji baridi kwenye mirija ya vioo iliyokaa juani ikiwa mikavu, itapasuka. Fanya alfajiri.

Na paa lenyewe: likiwa la saruji ya asbesto, kama mengi ya zamani, usitoboe, usikate, usipande. Vumbi lake linaleta saratani na walioko chini wanalivuta. Sitisha kazi, ita wataalamu wa kuondoa asbesto, na hapo wakazi lazima wahame.

Bili haijashuka

Linganisha yuniti, si shilingi, na linganisha mwezi wa masomo na mwezi wa masomo. Ukilinganisha Aprili ya mitihani na Septemba ya likizo utajidanganya. Kisha tembea jengo saa nane usiku na klampu mita: kinachovuta umeme saa hiyo ndiyo bili yako.

Yuniti zikiwa zimeshuka na fedha hazijashuka, angalia kVA, kipimo cha ukubwa wa umeme unaovutwa kwa wakati mmoja. Wateja wakubwa wa TANESCO wa madaraja ya T2 na T3 hulipia pia kilele cha mahitaji ya mwezi. Umeme ukikatika na kurudi, viyoyozi vyote vikaanza kwa mpigo, kilele hicho kimeandikwa na utakilipia. Weka vichelewesho ili kila jengo lianze kwa zamu. Angalia pia benki ya kapasita (kabati la kurekebisha pawa fakta, yaani sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli): ilipangwa kwa ajili ya mabalasti ambayo hayapo tena, na LED za bei ya chini zina pawa fakta mbaya. Kuipima upya ni kazi ya mhandisi wa umeme. Kapasita hizo hushika umeme baada ya kuzimwa, hivyo mlango wa kabati lake usifunguliwe na mtu wa matengenezo ya kawaida.

Jenereta linatoa moshi na mafuta meusi kwenye ekzosi

Hakuna anayelitarajia hili. Umepunguza mzigo wa jengo, na jenereta lililonunuliwa kwa mzigo wa zamani sasa linafanya kazi chini ya asilimia 30 ya uwezo wake. Injini ya dizeli haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, masizi yanajikusanya. Pima mzigo halisi jioni. Kama mdogo, unganisha majengo mengine mawili kwenye jenereta hilohilo, au panga liwe dogo zaidi litakapobadilishwa. Kulisafisha, mpe kazi fundi wa jenereta mwenye benki ya mzigo (kifaa cha kulipa jenereta mzigo bandia) alitumikishe saa kadhaa, na waarifu mapema wanaolala jirani: siku hiyo moshi utakuwa mzito na madirisha yao yawe yamefungwa.